Nyanya za kwenye ndoo: samadi au mbolea ya dukani?

Swali hili limetoka kwa dada mmoja anayeishi Chuno, Mtwara mjini. Nimelipunguza kidogo, ila maneno ni yake:

"Shikamoo bibi shamba. Nyumba niliyopanga uwanja wote ni sakafu, kwa hiyo nimepanda nyanya kwenye ndoo 12 za lita 20, pilipili kwenye viroba na mchicha kwenye mabeseni yaliyopasuka. Udongo nimechota karibu na ufukwe, nikachanganya na samadi ya mbuzi, kopo la lita moja kila ndoo. Nyanya zikawa na kijani cha kupauka. Kijana wa duka la pembejeo akaniuzia urea, nikatia kijiko kimoja cha chakula kila ndoo. Siku ya nne majani yameungua ncha na kingo kama yamepitishwa jikoni, na juu ya udongo kuna ukoko mweupe. Namwagilia maji ya kisima. Jirani yangu anasema mbolea za kizungu ni sumu, nitumie za asili tu. Kijana wa duka naye anasema samadi haina kitu, ni takataka za kujazia ndoo. Nimsikilize nani? Na hizi nyanya, wanangu wakila hazina madhara?"

Marahaba, mwanangu. Kabla ya kuamua kesi ya jirani na kijana wa duka, tuokoe nyanya kwanza.

Kwangua juu ya udongo uondoe ukoko na punje za urea kama bado zinaonekana. Hakikisha kila ndoo ina matundu chini, matano au sita ya kuingia kidole kidogo. Halafu mimina maji polepole, lita 20 kwa ndoo, kwa awamu nne: mimina lita tano, subiri zitoke chini, mimina tena. Maji ya kwanza yatatoka na rangi ya chai. Rangi hiyo ni ya samadi, lakini ndani yake imo pia chumvi usiyoiona. Najua ndoo 12 ni lita 240 na maji ni hela. Fanya hata ndoo sita leo na sita kesho. Kama una maji ya bomba au ya mvua uliyokinga, yaweke kwa awamu ya mwisho. Baada ya hapo zitegeshee kivuli cha makuti siku mbili tatu. Jani lililoungua nusu usilikate, ile nusu ya kijani bado inaulisha mche. Mbolea yoyote iwe mwiko kwa wiki mbili. Mche ukitoa jani jipya zima, umepona. Ukiuvuta kidogo ukakuta shina limelegea na mizizi imekuwa ya kahawia na laini, ng'oa, usiupotezee maji.

Sasa hicho kijiko. Kijiko cha chakula cha urea ni gramu 10 hivi, na urea ni naitrojeni, chakula kinachokuza majani ya kijani, kwa asilimia 46, kwa hiyo kila ndoo imepata gramu 4.6. Twende shambani. Mkulima wa nyanya anayeweka kilo 100 za naitrojeni kwenye hekta yenye miche 22,000 anaupa kila mche gramu 4.5, na hizo anazigawa mara mbili au tatu, tangu kupandikiza mpaka anapoanza kuchuma. Wewe umeupa mche chakula cha msimu mzima asubuhi moja, ndani ya ndoo ambayo mizizi haina pa kukimbilia. Shambani mzizi ukikutana na punje ya urea unapita pembeni, unakwenda kutafuta kwingine. Kwenye ndoo kwingine ni plastiki.

Na kuna jambo la pili lililoongeza moto. Udongo wa ufukweni kwetu una vipande vya kombe na matumbawe, yaani chokaa. Urea ikishalowa, vimeng'enya vilivyomo kwenye udongo huigeuza kuwa amonia ndani ya siku chache, na kwa joto la Mtwara kazi hiyo inakwenda haraka. Kwenye udongo wa chokaa sehemu kubwa ya hiyo amonia inabaki hewa badala ya kushikwa na udongo. Kama siku ya pili au ya tatu ulipoinama juu ya ndoo ulisikia harufu kali ya mkojo uliolala, ni hiyo. Inaunguza mizizi michanga, na inayopanda juu inapotea bure na hela yako.

Wazee wetu waliziita hizi mbolea za chumvichumvi, jina ambalo siku hizi vijana wanaliona la kizamani, wanasema mbolea za viwandani au mbolea za kisasa. Mimi nalipenda jina la zamani kwa sababu linasema ukweli. Chukua mifuko mingine ya dukani: CAN ni chumvi. DAP ni chumvi. NPK ni mchanganyiko wa chumvi. Urea yenyewe kikemia siyo chumvi, lakini ikishageuka ndani ya udongo inafanya kazi ile ile. Umeshaona pale feri, kwenye soko la samaki, wanavyomtia papa chumvi: usiku mmoja tu, chini ya jamvi kumejaa maji. Chumvi imeyavuta kutoka kwenye nyama. Mzizi uliozungukwa na chumvi nyingi unafanyiwa hivyo hivyo. Udongo umelowa chepechepe na mche unanyauka kwa kiu, na ncha za majani ndizo zinazoanza kukauka kwa sababu ziko mwisho wa bomba.

Kwa hiyo jirani yako ameona kilichotokea, ila sababu ameikosea. Hakukuwa na sumu. Kulikuwa na kipimo kilichozidi.

Nikupe kisa kimoja ili usidhani naitetea mbolea ya dukani. Miaka kadhaa iliyopita, nikiwa tayari nimefundisha watu kilimo muda mrefu tu, nilipanda pilipili mbuzi kwenye viroba 20 nyuma ya jiko. Kulikuwa na banda la kuku wa nyama jirani, kinyesi nikapewa bure, bado kina joto lake. Nikaona uvivu kukiozesha. Nikajaza robo kiroba, nikapandikiza jioni, nikamwagilia, nikaenda kulala nikiwa na furaha ya kitu cha bure. Asubuhi ya tatu viroba 17 miche ilikuwa imeinama na majani yamekuwa kama karatasi ya chai. Hakuna punje hata moja ya dukani iliyoingia pale. Kinyesi cha kuku kibichi kina amonia nyingi na chumvi nyingi, na mzizi haukuuliza kama vimetoka kwa kuku au kiwandani.

Mzizi hauulizi kwa sababu hauna namna ya kujua. Mwaka 1828 mkemia wa Kijerumani, Friedrich Wöhler, alitengeneza urea maabara kutokana na kemikali za kawaida, na akamwandikia mwalimu wake kwamba ameipata bila figo. Mpaka wakati huo watu wengi waliamini vitu vya mwili wa kiumbe haviwezi kutengenezwa nje ya kiumbe. Urea aliyoipata ilikuwa ile ile ya kwenye mkojo, na ndiyo hii iliyomo kwenye mfuko wa kilo 50. Naitrojeni inayowekwa humo wanaivuta kwenye hewa. Mkemia mwingine wa Kijerumani, Fritz Haber, alionyesha njia mwaka 1909 na kiwanda cha kwanza kikaanza kazi Oppau, Ujerumani, mwaka 1913. Mbaazi na choroko zetu zinaivuta kwenye hewa hiyo hiyo kwa msaada wa bakteria waliomo kwenye vinundu vya mizizi, kimya kimya, bila bomba wala moshi. Mwisho wa safari zote mbili mche unakunywa kitu kimoja, naitrojeni iliyoyeyuka kwenye maji, hasa kwa sura ya naitreti na amonia.

Tofauti ya kweli ni safari yenyewe. Samadi ni kama muhogo mchungu. Chakula kimo, tena kingi, lakini lazima umenywe, ulowekwe, uanikwe uwe makopa, utwangwe, ndipo usonge ugali. Wanaofanya kazi hiyo kwenye udongo ni vijidudu, na vinataka unyevu, hewa na joto. Mbolea ya dukani ni ugali uliokwisha songwa. Ukija mezani na njaa ni mzuri. Ukiletewa sinia la watu 40 peke yako na ukaambiwa lazima umalize, hapo ndipo pilipili zangu na nyanya zako zinapokutana.

Kijana wa duka anayesema samadi haina kitu, mwambie apige hesabu. Kilo moja ya samadi kavu ya mbuzi au ng'ombe ina naitrojeni gramu 10 hadi 20, hutegemea mnyama alikula nini na samadi ilihifadhiwaje. Kopo lako la lita moja ni kama gramu 400, yaani naitrojeni gramu 4 hadi 8. Katika msimu mmoja inayofunguka ni sehemu tu, tuseme theluthi. Basi nyanya yako ilipata gramu moja na ushee hadi mbili na nusu, wakati inataka mara mbili au tatu ya hapo. Ndiyo maana ilipauka. Samadi ilikuwa na kitu, wewe ndiye uliyeionea kwa kopo dogo. Ungeweka lita tano kwenye ndoo ya lita 20, iliyooza vizuri, pengine usingekwenda dukani mpaka maua yaanze.

Na samadi inafanya kazi nyingine ambayo mfuko wa urea hauwezi hata ukiongezwa bei mara kumi. Mchanga wetu haushiki kitu. Ukimwagilia saa moja asubuhi, kusi likivuma mpaka saa saba ndoo nyeusi imekuwa ya moto na udongo umekauka robo tatu. Samadi na mboji zinashika maji kama sponji, na zinashika pia chembe za virutubisho zisioshwe zote kila unapomwagilia. Humo mna madini ya chuma, zinki, boroni na mengineyo kidogo kidogo, ambayo urea haina kabisa: urea ni naitrojeni tu na basi. Mimi kwenye chombo cha kupandia samadi naihesabu kwanza kama udongo, halafu ndiyo kama mbolea. Watu wengi wanaobishana kuhusu asili na viwandani wanaruka hapo, wanabishana kana kwamba vitu viwili vinafanya kazi moja.

Mpaka wenyewe kati ya asili na kemikali nao hauko pale watu wanapoudhania. Chukua mbolea ya Minjingu kutoka Manyara, inayouzwa kwenye mifuko kama nyingine zote. Fosfeti yake, yaani kirutubisho kilichomo, ni kinyesi cha ndege wanaokula samaki, kilichorundikana zamani sana wakati Ziwa Manyara lilikuwa kubwa kuliko lilivyo leo, kikageuka mwamba. Ni asili au ya kiwandani? Chukua na salfa, ambayo huku kwetu kila mtu mwenye mkorosho anaijua kwa kikohozi chake. Mtu anayekataa "kemikali" anaiona ni kemikali tupu, ila kanuni za kilimo hai, kile kinachokataa mbolea na dawa za viwandani, karibu kila mahali zinairuhusu dhidi ya ubwiri unga, ule ukungu mweupe wa kwenye majani. Nimeacha kuuliza kitu kimetoka wapi. Nauliza kinafunguka kwa kasi gani, na chumvi inayobaki itaondokaje kwenye udongo.

Hilo la pili linanirudisha kwenye ukoko wako mweupe, maana sidhani urea peke yake inaweza kufanya ukoko ndani ya siku nne. Chukua kijiko, kwangua kidogo, weka kwenye kisosi, dondoshea siki. Kikitoa mapovu, ni chokaa, imetoka kwenye maji ya kisima au kwenye udongo wa matumbawe. Kisipotoa mapovu na ukitia maji kikayeyuka chote, ni chumvi, ya kisima au ya mbolea. Usionje, kuna samadi humo. Kipimo kingine cha kisima unakijua tayari: sabuni ikikataa kutoa povu, maji yana chokaa nyingi, chai ikiwa na ladha ya bahari, maji yana chumvi. Karibu na bahari visima vingi vina vyote viwili, na hali huzidi miezi hii ya kiangazi kabla mvua za mwezi wa 12 hazijarudi.

Kila unapomwagilia, mche unakunywa maji na jua linanyonya maji, chumvi inabaki. Kesho unaleta nyingine. Shambani masika huja yakaisukuma chini, ndoo yako haina masika. Ndiyo maana mwagilia mpaka maji kidogo yatoke chini, kama glasi moja kwa kila lita tano, na hayo yaliyotoka usiyarudishe juu eti usipoteze mbolea. Mara moja kwa mwezi osha ndoo kama ulivyoosha leo, walau lita 10. Kinga maji ya mabati mvua zikianza, hata pipa moja. Hayo hayana chokaa wala chumvi na ndiyo dawa ya bei nafuu kuliko zote. Nyanya ni mvumilivu kiasi kwa chumvi. Pilipili hoho na pilipili mbuzi ni dhaifu zaidi, na maharage ndiyo ya kwanza kulia, kwa hiyo usiyajaribu kwa maji hayo.

Chokaa nayo ina ugomvi wake. Ikizidi inafunga madini ya chuma yasiyeyuke, utaona majani machanga ya juu yamekuwa ya njano huku mishipa imebaki kijani. Usichanganye na njaa ya naitrojeni, ambayo huanzia majani ya chini, yaliyozeeka, na jani zima linapauka. Wengi wakiona njano wanakimbilia urea. Njano ya juu urea haiiponyi. Kwa sababu hiyo hiyo, majivu ambayo kila mtu anakushauri uweke, wewe acha. Majivu yana potasiamu nzuri lakini yanaongeza uchungu wa chokaa kwenye udongo ambao tayari umezidiwa. Yapeleke kwa ndugu walioko juu kwenye udongo mwekundu, huko yanafaa zaidi. Minjingu nayo kwako haitafunguka vizuri, inapenda udongo wenye asidi. Mfuko mtupu wa saruji usiufanye kiroba cha kupandia, unga wake ni chokaa juu ya chokaa.

Haya, ningekuwa wewe ningefanyaje? Ndoo zitakazokufa, na nyingine zikishamaliza mavuno, mwaga ule udongo wa ufukweni. Agiza viroba viwili vitatu vya udongo mwekundu kwa mtu anayeshuka kutoka njia ya Tandahimba au Newala. Changanya sehemu mbili za udongo huo, sehemu moja ya samadi iliyooza, na sehemu moja ya kitu chepesi cha kuweka hewa: pumba za mpunga zilizochomwa mpaka zikawa nyeusi (zisifike majivu), au makumbi ya nazi yaliyopondwa. Makumbi yaloweke na kumwaga maji mara tatu kwanza. Kama yametoka kwenye mashimo ya pwani ambako kina mama huyafukia ili wapate nyuzi za kamba, yameshiba maji ya bahari, hayo ni mara tano au uyaache. Maranda ya mbao mabichi yananyang'anya mche naitrojeni, kwani vijidudu vinavyoyala vinaitaka wenyewe. Na maganda ya korosho, najua yapo bure kila kona ya mkoa huu, usiyaguse. Mafuta yake yanaunguza ngozi ya mbanguaji, fikiria mzizi.

Samadi iliyooza utaijua kwa mkono. Inachambuka, imepoa, inanuka udongo wa mvua. Ikiwa bado unatambua punje za mbuzi zimekaa kama zilivyodondoka, au ukichomeka mkono katikati ya rundo kuna vuguvugu, irudishe chini ya turubai, ilowanishe, igeuze kila wiki, subiri miezi miwili au mitatu. Ya kuku isubiri zaidi na uweke nusu ya kipimo. Kwa mchicha na vitu vya kachumbari kuna sababu nyingine ya kusubiri nayo ni tumbo: kinyesi kibichi kina vimelea. Kanuni za kilimo hai za Marekani zinataka siku 120 kati ya kuweka samadi mbichi na kuvuna zao linalogusana na udongo, na siku 90 kwa lisilogusana. Mchicha unavunwa ndani ya mwezi, kwa hiyo kwake samadi mbichi haina nafasi kabisa. Jirani yako anayeogopa sumu angeanzia hapo.

Wiki ya tatu au ya nne baada ya kupandikiza, anza kuongeza mbolea ya maji. Hapa ndipo chumvichumvi ninapoipenda, kwa sababu unaweza kuipima. Chukua NPK 17-17-17 (naitrojeni, fosfeti na potasi, asilimia 17 kila moja), kizibo kimoja cha soda, ambacho ni gramu 5 hivi, loweka kwenye lita tano za maji usiku kucha, koroga, chuja mashapo. Hiyo ni naitrojeni miligramu 170 kwa lita, kipimo ambacho nyanya inakipokea bila kuungua. Mwagilia kwanza maji matupu, kisha kila ndoo lita moja ya hayo, mara moja kwa wiki, na wakati wa matunda mara mbili. Kidogo, mara nyingi. Kwa maji yako ya kisima anza na nusu kizibo, maana maji yenyewe yameshakuja na chumvi yake. Urea iliyobaki usiitie tena kwenye ndoo. Mpe mtu mwenye mahindi. Na mpaka umpe, ifungie juu, kwa sababu mbuzi akiilamba anakufa, na mbuzi wa Chuno hawana adabu na mifuko iliyo wazi.

Kama moyo wako unataka za asili mpaka mwisho, inawezekana, ila ni kazi zaidi na vipimo ni vya kukisia. Loweka kilo ya samadi iliyooza kwenye ndoo ya maji siku tatu, chuja, zimua mpaka ifanane na chai ya rangi nyepesi, mwagilia kwenye udongo, usinyunyizie majani ya kuliwa. Mkojo wa sungura unauzwa siku hizi, huo zimua sehemu moja kwa maji sehemu kumi, na kumbuka nao ni urea na chumvi, mambo ya Wöhler. Mwani ni mzuri kwa potasiamu, ambayo nyanya ikianza kuzaa inaihitaji kuliko hata naitrojeni: ukipata mabaki kwa wakulima wa mwani, yaoshe kwa maji yasiyo na chumvi mara kadhaa, yaozeshe na samadi. Matumbo na vichwa vya samaki vina naitrojeni nyingi na inafunguka haraka. Lakini yafukie ndani ya mboji kabisa. Mimi niliwahi kuyaweka kwenye ndoo yenye kifuniko kisichobana, na usiku ule paka wa mtaa mzima walifanya mkutano, asubuhi ndoo iko katikati ya uwanja na mume wangu hataki kuongea.

Kuhusu watoto: nyanya hizo wale. Naitrojeni ya urea haikai kwenye tunda kama sumu, mmea unaigeuza kuwa protini zake kama ungeipata kwenye samadi. Tahadhari iko kwenye mboga za majani, mchicha hasa. Ukiulisha naitrojeni nyingi kupita kiasi, ya dukani au ya kuku, majani yanalimbikiza naitreti, na hiyo si nzuri kwa mtoto mchanga anayeanza uji wa mboga. Acha kuulisha siku nne tano kabla ya kuchuma, na uchume jioni badala ya alfajiri, jua linamsaidia mche kuitumia. Kinachonitia wasiwasi zaidi ni hizo ndoo. Za mafuta ya kula ni nzuri. Za rangi, sugua mpaka ndani pasibaki ganda. Chombo kilichowahi kubeba dawa ya wadudu au ya magugu usikipandie kitu cha kuliwa, hata ukioshe kwa majivu na dua.

Jambo moja hukuuliza lakini litakufika, nyanya zikianza kuzaa kwenye ndoo: kitako cha tunda kinakuwa cheusi, kimebonyea, kikavu. Utaambiwa ni ugonjwa, utauziwa dawa. Ni kalsiamu haikufika kwenye tunda, na kwa udongo wako wenye chokaa tele, ambayo ndani yake ni kalsiamu, utashangaa. Kalsiamu ipo, gari ndilo halipo: inasafiri na maji, na ndoo iliyokauka mchana na kufurika jioni inakatisha safari. Amonia nyingi na chumvi nyingi zinazidisha. Mwagilia mara mbili kwa siku, asubuhi na saa kumi, nusu nusu, na funika juu ya udongo kwa majani makavu. Majani ya mbaazi yanafaa sana, yakioza yanaacha na naitrojeni yake. Matunda yaliyokwisha kuharibika yachume utupe, yanayofuata yatakuwa mazima.

Katika zile ndoo 12, chagua mbili uzitie alama, hizo usizitie kitu cha dukani tena, samadi na maji yake tu, na mbili nyingine uzipe ile lita ya NPK ya kila wiki. Zote zipate maji sawa. Mwezi wa tisa mwisho, kabla hujala, pima kwa mzani wa duka la jirani kila ndoo imetoa kilo ngapi, uniandikie. Na siki ilisema nini, usisahau kuniambia.